Nyayo za Namba Tano

Pale Matisi, mjini Kitale, kuna kiwanja ambacho katikati yake pamekwisha kipara na pembeni kumebaki majani ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Nilisimama hapo jioni moja nikawauliza watu watatu swali lile lile: namba tano ni nani?

Kijana aliyekuwa akifunga kamba za viatu alinijibu bila kuinua macho. "Beki wa kati. Kazi yake kuosha."

Mwalimu wake, filimbi shingoni, akasema siku hizi kuosha peke yake hakutoshi, namba tano lazima ajue kutoa pasi. Nyuma yetu alikuwapo mzee mmoja ameegemea baiskeli yake, gunia la mahindi limefungwa nyuma. Aliwasikiliza wote wawili mpaka wakamaliza.

"Namba tano ni senta hafu," akasema. "Timu ni yake. Akipanda, wote wanapanda."

Wote watatu walikuwa sahihi, ila kila mmoja alikuwa anazungumza kutoka mwaka wake. Mzee yule hata leo angeeleweka vizuri zaidi Buenos Aires kuliko Matisi, maana Waargentina hawakumhamisha namba tano wao. Leandro Paredes alivaa tano kwenye Kombe la Dunia la 2022 akiwa kiungo. Huku kwetu namba tano alirudishwa nyuma, akasimamishwa mbele ya kipa, na watu wakasahau kwamba aliwahi kuishi katikati ya uwanja. Ilikuwaje?

Nilikuwa nimekuja Kitale kwa safari nyingine, ya kufuata njia ya mtu aliyecheza mpira kabla ya kuitwa nabii. Elijah Masinde, mzaliwa wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, anajulikana kwa mapambano yake na serikali ya kikoloni. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya hayo yote alikuwa nahodha wa timu ya mpira ya Kimilili, na kwamba mwaka 1930 aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Nikaamua kuziunganisha njia hizo mbili, ya Masinde na ya namba tano, kwa sababu zote zinaanzia miaka ile ile na zinateremka barabara moja, Kitale hadi Bungoma.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, tawi lililochepuka Leseru kufuata mahindi ya walowezi. Mwaka huo huo Kenya na Uganda zilicheza mashindano ya kwanza ya Gossage, kombe lililopewa jina la kampuni ya sabuni. Kwenye mashamba ya Trans Nzoia vibarua walikuwa wakitoka nyanda za chini, wengi wao Wabukusu, na mpira ulipanda na kushuka nao. Mishonari waliufundisha shuleni pamoja na hesabu na zaburi.

Walifundisha mpangilio gani? Ule uliokuwa wa kawaida duniani kote: mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano. Ukiuchora kuanzia kwa washambuliaji kurudi kwa kipa unapata piramidi iliyosimama juu ya ncha yake. Namba za jezi zilipokuja kuhesabiwa, zilihesabiwa kwa ramani hiyo: kipa moja, fulbeki mbili na tatu, mahafubeki nne, tano na sita, halafu mstari wa mbele saba mpaka kumi na moja. Tano akaangukia katikati kabisa, kama chumvi kwenye sahani. Mpira ukitoka nyuma unampitia yeye, na ukitaka kwenda mbele unamwomba ruhusa.

Uzuri wa 2-3-5 ni rahisi kuuona kwenye kiwanja kama hiki cha Matisi. Mpira hautembei katikati penye vumbi na mashimo. Unatembea pembeni kwenye majani. Ukiwa na winga wawili waliobandikwa kwenye mstari na wenzao watatu wanaosubiri krosi, beki mmoja hawezi kuwalinda wote. Ubaya wake ni wa wazi pia. Mpira ukipotea, watu watano wako mbele ya mpira wakiangalia migongo ya wapinzani, na nyuma wamebaki mabeki wawili na kipa anayepiga kelele.

Mbona basi mpangilio huo uliishi karibu miaka hamsini? Sheria ndiyo iliyoulinda. Mpaka mwaka 1925, mshambuliaji alihesabiwa kuotea kama hakuwa na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Beki mmoja akipiga hatua mbele, mwenzake akabaki, mtego umekwisha tegwa. Mwaka huo watatu wakapunguzwa kuwa wawili, na magoli Uingereza yakaanza kumwagika. Oktoba ile Arsenal walifungwa 7-0 na Newcastle. Mshambuliaji wao Charlie Buchan akamsukuma kocha Herbert Chapman akubali jambo moja: senta hafu arudi nyuma, akae baina ya fulbeki wawili, amkabe senta fowadi na asimwache. Ili kuziba pengo aliloacha, washambuliaji wawili wa ndani wakashushwa. Ndiyo 3-2-2-3, ambayo ukiichora inatoa herufi W juu ya M.

Hapo ndipo namba tano alipohama nyumba. Cha kuchekesha ni kwamba Arsenal ndio waliokuwa miongoni mwa timu za kwanza kuvaa namba mgongoni, Agosti 1928, na tayari tano wao alikuwa beki. Alihama, lakini anwani yake ikabaki ya zamani.

Asubuhi iliyofuata nilipanda matatu ya Webuye. Kiminini ikapita, kisha mahindi, kisha mahindi tena. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na unapoelekea Bungoma masikio yanakwambia kwamba unashuka. Niliteremka Kamukuywa nikachukua boda mpaka Kimilili, nikaendelea hadi Maeni, kwao Masinde.

Sikukuta kiwanja cha 1930. Nilikuta shamba la maharage, ng'ombe wawili, na upepo unaoshuka kutoka Mlima Elgon. Lakini kusimama pale kulinisaidia kuufikiria mwaka ule. Julai 1930, Uruguay iliifunga Argentina 4-2 mjini Montevideo ikatwaa Kombe la Dunia la kwanza, na timu zote mbili zilicheza piramidi huku senta hafu wao akiwa ndiye mwenye mji. Kwa hiyo yeyote aliyemfundisha kijana wa Kimilili 2-3-5 hakuwa amempa kitu kilichochina. Mishonari aliyepanda meli kabla ya 1925 aliondoka Uingereza na piramidi begani, na hakuna aliyemfuata kumwambia kwamba nyumbani wameshaanza kuipindua.

Mwaka 1944 na kuendelea Masinde aliingia kwenye mchezo mwingine, wa kukataa amri za machifu na za serikali, wa kudai kwamba walowezi waondoke Trans Nzoia. Serikali ikampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, akatoka 1947 akiwa yule yule. Nimewasikia watu wakisema kwamba unahodha ndio uliomfundisha kupanga watu. Sijui kama mtu hufunzwa ujasiri na mpira. Ninachokiamini ni kidogo zaidi: kijana aliyekwisha kusimama uwanjani mbele ya maelfu ya watu, akapewa kazi ya kuwaita wenzake kwa majina, hawezi tena kushtuliwa na umati.

Nilipokuwa Kimilili nilikumbuka aibu yangu mwenyewe, na kwa kuwa safari hii ni ya mipangilio, siwezi kuiruka. Nilisoma shule moja ya bweni upande huu wa mlima. Mwaka 1990 Ujerumani Magharibi walichukua Kombe la Dunia kule Italia wakicheza 3-5-2, na mwalimu wetu wa michezo aliyeangalia mechi hizo kwenye televisheni ya jirani alirudi muhula uliofuata akiwa ameokoka. Akapanga vizibo vya soda kwenye meza ya bwalo: mabeki watatu, viungo watano, washambuliaji wawili. "Katikati tutakuwa watano," alisema. "Watatupitia wapi?"

Walitupitia kwangu. Mimi nilikuwa kizibo cha kushoto, wa kupanda kama winga na kurudi kama beki. Kwenye meza, umbali huo ulikuwa shubiri moja. Kwenye kiwanja, tena katika hewa nyepesi ya kule juu na matope ya mvua ya alasiri, ulikuwa karibu mita mia. Mara ya kwanza nilipanda nikapiga krosi nzuri sana, watu wakashangilia. Mara ya nne nilikuwa bado natembea kurudi nikishika mbavu wakati winga wao alipopita kwenye ukanda wangu peke yake kama anakwenda dukani. Magoli manne, yote kutoka upande huo. Beki wetu wa kati alinitazama baada ya la tatu akaniuliza taratibu, "Ndugu yangu, wewe unacheza na sisi?"

Sikuelewa wakati ule, lakini mpangilio haukuwa mbaya. Watano kwa wanne katikati walitupa mpira muda mwingi. Ila 3-5-2 inadai ushuru, na ushuru wote wanaulipa watu wawili wa pembeni. Kama hao wawili hawana mapafu, au wakisukumwa nyuma tangu mwanzo, wale watatu wa nyuma wanageuka watano, washambuliaji wanabaki yatima, na wewe umepaki basi bila kukusudia. Halafu kuna ubadhirifu mwingine: mpinzani akija na mshambuliaji mmoja tu, mabeki watatu wanamlinda mtu mmoja. Wawili kati yao wako kwenye mapumziko yenye malipo.

Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha mpangilio simuulizi una nguvu gani. Namuuliza: ameacha uwazi wapi, na nani atatumwa kuuziba? Kumi na mmoja hawatoshi kuujaza uwanja. Kila kocha anachagua tu shimo analoweza kulivumilia.

Labda ndiyo maana sisi tuliolelewa na redio tulichelewa kujua mambo haya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alitufanya tumwone mwenye mpira. "Kadenge na mpira" ikawa salamu ya nchi nzima, na Joe Kadenge, mshambuliaji aliyetokea Vihiga, alistahili. Lakini redio haiwezi kutangaza kumi wasio na mpira. Haikwambii kwamba winga wa pili ameingia ndani, kwamba beki tatu amepanda na nyuma yake kuko wazi. Hayo aliyajua aliyekuwa amekaa uwanjani, juu ya ukuta au juu ya mti. (Kwa Watanzania, beki tatu ni msichana wa kazi za nyumbani. Nadhani yeyote aliyewahi kucheza nafasi hiyo anaelewa uhusiano.)

Nilirudi barabara kuu, nikapita Misikhu na Lugulu. Septemba 1947 Masinde aliwaongoza maelfu ya wafuasi wake hadi Chetambe, juu ya Webuye, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa pale mwaka 1895 wakati jeshi la Waingereza lilipoizingira ngome yao. Nilipanda mpaka juu. Wabukusu walijenga ngome za udongo zenye handaki kuzunguka na milango midogo ya kuinama, na kwa adui mwenye mkuki zilifaa vizuri. Zilikutana na bunduki ya Maxim. Mahali walipofia watu wengi hivyo hapafai kufananishwa na mchezo, na niliposhuka sikuwa na hamu ya kuandika chochote kuhusu timu zinazojaza watu kumi mbele ya goli. Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wa Msambwa kule Malakisi, watu kumi na mmoja wakafa. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akapelekwa kizuizini pwani ya Lamu kwa zaidi ya miaka kumi.

Masinde akiwa huko, namba tano alipata pigo lake kubwa. Novemba 1953, mjini London, Hungary waliifunga Uingereza 6-3. Nándor Hidegkuti alivaa tisa lakini hakukaa mahali pa tisa. Alirudi nyuma kucheza na viungo, na Harry Johnston, tano wa Uingereza, hakujua la kufanya. Akimfuata anaacha shimo nyuma. Akibaki anamwacha Hidegkuti acheze huru. Hidegkuti alifunga matatu. Udhaifu wa W na M ulikuwa huo: kila mtu amepewa mtu wake, na mmoja akiondoka nyumbani ukoo wote unavurugika. Miaka mitano baadaye Brazil walishinda Kombe la Dunia kule Sweden na 4-2-4, kiungo mmoja akiwa ameshushwa kumsaidia tano nyuma. Kwa Waingereza aliyeshushwa ni sita. Huku kwetu aliyeshuka ni nne, ndiyo maana mpaka leo mtangazaji wa Kiswahili akisema nne na tano unaona mabeki wawili wa kati, na akisema sita unamwona kiungo mkabaji.

Webuye ni mji uliolelewa na kiwanda. Pan Paper ilipoanza miaka ya sabini, harufu ya karatasi ilikuwa harufu ya mshahara, na kiwanda kilikuwa na timu. Mumias walikuwa na yao, Chemelil yao, na Nzoia, kiwanda cha sukari kati ya hapa na Bungoma, yao. Nikifikiria 4-4-2 nafikiria timu kama hizi. Ni mpangilio wa watu wenye zamu: mistari miwili ya wanne, kila mtu na jirani yake, kila winga na beki nyuma yake, washambuliaji wawili wanaozungumza. Unafundishika kwa wiki mbili. Mtu mmoja akiumia, anaingia mwingine na anajua pa kusimama. Pembeni pamezibwa mara mbili, jambo linalofaa sana kwenye viwanja vyetu ambako mpira unakimbilia majani.

Shimo lake liko kati ya mistari hiyo miwili. Mpinzani akileta viungo watatu, wawili wako wanazungushwa kama wanaocheza kibe. Na akiwa na kumi mwerevu anayesimama pale ambapo si kiungo wala beki anayemwona kuwa ni wake, mabeki wanaanza kuulizana kwa macho. Hapo ndipo zilipoingia 4-3-3 na 4-2-3-1. Ya kwanza inakupa watatu katikati na winga wanaokaba juu kabisa, ila sita anabaki peke yake kama mlinzi wa benki usiku, na mabeki wa pembeni wakipanda nyuma yao ni uwanja wa ndege. Ya pili inampa sita mwenzake na kumi kivuli cha kusimama. Lakini mshambuliaji wake mmoja asipokuwa na nguvu ya kushikilia mpira, unarudi kila mara, na timu haipumui.

Bungoma nilifika alasiri. Kule Kanduyi uko Uwanja wa Masinde Muliro, Masinde mwingine huyo, ambako taifa liliadhimisha Madaraka mwaka 2024. Mimi nilikwenda Sudi, katikati ya mji, nyumbani kwa Nzoia Sugar, uwanja mdogo ambao ukikaa karibu na mstari unamsikia beki akimtukana winga wake. Hakukuwa na mechi ya ligi. Palikuwa na vijana wakicheza kirafiki, makocha wawili, na watazamaji wa kutosha kujaza matatu mbili.

Timu ya jezi za bluu ilicheza 4-3-3 ya kitabuni. Nilimtazama tano wao, kijana mrefu, mkono mmoja umefungwa kitambaa cha unahodha. Dakika za mwanzo alikuwa yule tano wa Matisi: aliosha, akaosha, akaosha. Kisha jambo likatokea. Mshambuliaji aliyekuwa mbele yake hakuja kumkaba. Kijana akasita, mpira mguuni, akiangalia nafasi ya mita ishirini ambayo hakuna aliyeidai.

Akapanda nao. Alivuka mstari wa kati, na ghafla bluu walikuwa wanne katikati dhidi ya watatu. Makocha wakubwa wa Ulaya wamelifanya hili kuwa mbinu. Katika fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2023, John Stones wa Manchester City, jezi namba tano, beki wa kati, alicheza akiingia kiungo. Waliisifu kama kitu kipya.

"Rudi! We, rudi!" kocha wa bluu alikuwa ameingia uwanjani nusu mita.

"Mwache," alisema mzee mmoja kwenye uzio, kwa sauti ya chini, si kwa kocha wala kwa mtu yeyote.

Kijana alitoa pasi kulia, winga akaipokea vizuri, akapiga chenga moja, akapiga ya pili isiyokuwa na lazima, akanyang'anywa. Mpira mrefu ukaruka juu ya vichwa vya watu kuelekea mahali ambapo tano alipaswa kuwa. Nne akabaki na washambuliaji wawili. Kipa akatoka, akarudi, akatoka tena. Tano alikuwa anakimbia kurudi, kitambaa cha unahodha kimeteleza mpaka kwenye kiwiko, na mzee kwenye uzio alikuwa ameshika waya kwa mikono yote miwili.